Tazama Pembeni: Ushuhuda wa Mwashi wa Matao

Nina miaka 52. Tangu nikiwa na miaka 17 nafanya uashi wa mawe na chokaa hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nimejenga baraza, nimepiga sakafu, nimebadilisha boriti zilizoliwa na mchwa, nimezipaka chokaa kuta ambazo waliotutangulia walizipaka kabla yangu. Katika yote hayo, kazi inayonitoa kitandani alfajiri bila kuamshwa na mtu ni matao: matao ya milango, ya kumbi, ya mihrabu, ya vichochoro. Naandika haya kwa sababu mafundi wanaolijua tao kwa mikono yao wamebaki wachache, na matao yetu yanaanguka kwa sababu ambazo tungeweza kuziona mapema, kama tungejua pa kutazama.

Aliyenifundisha ni ami yangu, mdogo wake baba. Siku yangu ya tatu kazini tulikuwa tumesimama chini ya tao la mlango wa ndani, lipu imebanduliwa, mawe yote yako wazi. Akaniuliza, "Tao hili limeshikwa na nini?"

Nikanyoosha kidole juu, kwenye jiwe la katikati. "Jiwe lile, ami."

Hakunijibu. Aliokota ufito mbichi wa kama mita moja na nusu, akaniamrisha nisimame peku, miguu wazi, kwenye sakafu iliyotapakaa mchanga. Akaupinda ule ufito, ncha moja akaiegemeza upande wa ndani wa mguu wangu wa kulia, nyingine upande wa ndani wa mguu wa kushoto. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa ufito, akakandamiza.

"Unasikia wapi?"

"Miguuni, ami."

"Inakufanya nini?"

"Inanitanua." Na kweli, visigino vyangu vilikuwa vimeanza kuteleza kwenye mchanga, na ufito unashuka kadiri miguu inavyoachana.

"Basi ukiitwa kwenye tao, usianze juu. Tazama pembeni."

Nimefanya kazi miaka 35 tangu siku ile, na sijapata somo lililonifaa zaidi ya hilo.

Msomaji asiye fundi huenda akauliza kwa nini watu wa pwani walijisumbua kujenga matao, na boriti zipo. Jibu liko kwenye mawe yetu. Jiwe la matumbawe huvumilia kugandamizwa, lakini ukililaza juu ya uwazi kama ubao na kulipakia mzigo, linakatika katikati. Boriti ya mkoko inavumilia kupinda, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti, na mara nyingi hauzidi mita 3. Lakini mti huoza, na mchwa hana subira. Kwa hiyo waashi wa zamani, palipohitajika uwazi unaodumu ndani ya ukuta mzito, waliyapanga mawe kwa namna ambayo hakuna jiwe linalovutwa. Kila jiwe linamgandamiza jirani yake, jirani anampokeza mwenzake, mpaka mzigo unafika chini. Huo ndio werevu wa tao. Deni lake ni lile lililonitanua miguu: mzigo haufiki chini wima, unafika ukiwa unasukuma nje, na lazima pawepo ukuta wa kuupokea.

Kuchora tao hakuhitaji hesabu za shule. Kwa tao lenye ncha, ambalo ndilo kongwe zaidi katika pwani yetu, unachukua kamba, misumari miwili na kipande cha mkaa, unachora kwenye sakafu kwa ukubwa wake kamili. Tuseme mlango una upana wa sentimita 120. Unaugawa mafungu manne ya sentimita 30. Msumari wa kwanza unaupiga kwenye alama ya robo upande wa kushoto, unavuta kamba mpaka mguu wa kulia wa mlango, yaani sentimita 90, kisha unazungusha mkaa kwenda juu. Unarudia vivyo hivyo kutoka robo ya kulia. Pale mistari miwili inapokutana ndipo ncha, na ukipima utaikuta kwenye kimo cha sentimita 85 hivi. Tao la nusu duara kwa mlango huohuo lingeishia sentimita 60. Kimo hicho kina maana kubwa kwa fundi, kwa sababu kadiri tao linavyopanda ndivyo linavyosukuma kidogo, na kadiri linavyolala ndivyo linavyosukuma sana.

Kwa mchoro ule unatengeneza kalibu, yaani umbo la mbao litakaloyabeba mawe mpaka yaweze kubebana yenyewe. Kalibu inakaa juu ya mirunda, na kati ya mirunda na kalibu unaweka kabari za mbao mbilimbili, zimeelekeana. Vijana wengi huzidharau kabari hizo. Ndizo zitakazokuruhusu, mwisho wa kazi, kuishusha kalibu unywele kwa unywele badala ya kuing'oa kwa nyundo.

Mawe yetu ya Unguja si ya kuchongwa yakawa sawasawa kama matofali. Unachagua yaliyo bapa, unayasimamisha kwa ubavu, yote yakielekea mahali kamba ilipofungwa. Unapanda kutoka kulia na kushoto kwa pamoja, jiwe kwa jiwe, usilipe bega moja mzigo kabla ya jingine. Palipo na nafasi kati ya jiwe na jiwe unakaza kwa vijiwe vidogo na chokaa, kwa sababu pengo ulilolijaza chokaa tupu litasinyaa. Jiwe la mwisho la juu, lile nililolinyooshea kidole nikiwa kijana, ni jiwe kama mengine. Limechelewa kufika tu.

Na chokaa yenyewe ni elimu kamili. Zamani magogo yalipangwa kwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, moto ukawashwa katikati, na tanuu likaungua mpaka mawe yakageuka meupe na mepesi. Yakizimwa kwa maji huchemka na kufuka moshi kama chungu. Kisha chokaa inaachwa miezi, ikiwa na unyevu, ndipo ichanganywe na mchanga, na kwa kuta nyingi za hapa, udongo mwekundu. Chokaa changa inaunguza mikono na haishiki jiwe. Iliyokomaa inateleza kwenye mwiko kama samli. Nayo haikauki kwa haraka: inarudi kuwa jiwe taratibu kwa kuivuta hewa, na wakati huo wote inaliruhusu tao lijipange, lishuke kidogo, likae mahali pake pasipo kupasuka.

Nilipokuwa tayari najitegemea, niliweka nia ya kwenda kuyaona matao ya wazee wetu katika pwani nzima, kama mwanachuoni anavyowatembelea masheikh.

Nilianzia karibu, Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Msikiti ule una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, ambao ni 1107 Miladi, ingawa jengo lenyewe lilijengwa upya baadaye. Mihrabu yake ina tao la mapindo mapindo, limechongwa kwenye tumbawe lililotolewa baharini. Tumbawe la namna hiyo likiwa bado na maji ni laini, tindo inaingia bila kelele, likishakauka linakuwa gumu na linaishika michoro kwa karne nyingi. Niliweka kidole kwenye ukingo wa pindo moja nikaona bado ni mkali. Mchongaji yule alijua ana siku chache tu kabla jiwe halijafunga.

Kisha nikaenda Kilwa. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, safari fupi, na magofu yanakupokea ufukweni. Msikiti Mkuu ulianza kama jumba dogo upande wa kaskazini, wa karne ya 11 au 12, lenye paa tambarare juu ya nguzo. Upanuzi wa kusini unahusishwa na enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, yuleyule ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Hapo mafundi waliacha mambo ya boriti wakaezeka kwa mawe: safu za matao, na juu yake kuba na mapaa ya mviringo. Nguzo za mwanzo zilikuwa za jiwe zima la tumbawe kila moja. Sehemu ile ilianguka, na katika karne ya 15 ikasimamishwa upya kwa nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa, ambazo ndizo tunazoziona leo.

Nililala chali kwenye sakafu ya msikiti ule kwa muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa nafuatilia mzigo kwa macho. Katikati ya msikiti kila nguzo inasukumwa na tao kutoka kulia na tao kutoka kushoto, misukumo inakutana na kumalizana, kwa hiyo nguzo inabaki na kazi ya kubeba uzito wa wima tu. Lakini safu ya mwisho haina mwenzake. Tao la mwisho linausukuma ukuta wa nje, na ukuta wa nje hauna wa kumwegemea ila unene wake wenyewe. Nikainuka nikaenda kuukagua ukuta ule. Nikakumbuka kiganja cha ami juu ya ufito. Wale waliojenga mara ya pili walijua jengo lao linaweza kuanguka, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuanguka, na bado waliyarudisha matao. Ujasiri huo unanisimamisha mpaka leo.

Gedi, karibu na Malindi nchini Kenya, ilinifunza jambo jingine. Mji ule ulihamwa na watu wake kufikia karne ya 17, ukafunikwa na msitu, na uchimbaji wa kitaalamu ukaanza mwaka 1948 chini ya James Kirkman. Mwaka 2024 uliandikwa katika Urithi wa Dunia. Unapita kati ya mibuyu na mizizi, tumbili wanakuangalia juu ya kuta, na ghafla unakutana na mlango wa tao lenye ncha, limewekwa ndani ya fremu ya mstatili iliyochimbwa kwenye ukuta, nadhifu kama limekamilika jana. Kwenye lango moja la Msikiti Mkuu, juu ya bega la tao, pamechongwa mkuki. Mapaa yote ya Gedi yamekwenda, kwa sababu paa lilibebwa na boriti, na boriti zilioza, zikashuka na zege lote la chokaa. Lakini matao mengi yamebaki yamesimama, hayana paa, hayana mlango, hayana wa kuyapaka chokaa. Ni kwa kuwa yana ncha ndefu, yanasukuma kidogo, na kuta zilizo pembeni ni nene na bado zipo.

Niliporudi Unguja niliuona mji wetu upya. Mji Mkongwe umejengwa na mikono ya watu wengi, na tao ni mahali mikono hiyo inapoonekana. Nyumba za Waomani, zilizo kimya kwa nje, zina uwanja wa ndani uliozungukwa na safu za matao. Hamamu za Sayyid Barghash pale Hamamni, na ile ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 zama za Sayyid Said, zina kuba, na kuba si kingine ila tao lililozungushwa. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa na jiwe lake la msingi kuwekwa Siku ya Krismasi 1873, lina paa la tao moja refu la zege la mawe ya matumbawe. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika kitabu cha kufundishia Kiswahili. Beit el Amani ya mwaka 1925 ilibuniwa na Mwingereza, J. H. Sinclair, aliyeyachukua matao na kuba za Waislamu akalivalisha nayo jengo la makumbusho. Na kila mkazi wa mji amepita chini ya lile jengo lililokuwa la watoto yatima pale Forodhani, ambapo njia yenyewe inaingia chini ya nyumba na kutokea upande wa pili.

Lakini tao linalonigusa kuliko yote hayo halionekani na mpita njia. Kwenye nyumba nyingi za zamani, juu ya mlango kuna boriti fupi zilizolazwa kubeba ukuta. Siku moja, nikibandua lipu iliyovimba juu ya mlango wa aina hiyo, nilikuta sentimita 20 juu ya boriti mawe yamesimama kwa ubavu, yamejipinda. Ni tao, limefichwa ndani ya ukuta. Fundi yule alijua boriti zitaoza siku moja, baada ya yeye kufa. Akaweka tao juu yake ili uzito wa ukuta upite pembeni, na atakayekuja aweze kuzitoa boriti zilizooza na kuweka mpya pasipo ukuta kumwangukia. Atakayekuja nilikuwa mimi. Nilizitoa boriti nne, zilikuwa unga mtupu, na ukuta haukutikisika. Nilikaa kwenye jukwaa nikamwombea dua mtu nisiyemjua jina.

Sasa nieleze kosa langu, maana ushuhuda usio na kosa haumfundishi mtu.

Mwaka 2003 niliitwa kwenye nyumba moja ambayo ukumbi wake wa kuingilia ulikuwa na tao zuri la zamani, lipu yake imeanza kudondoka chini kwenye miguu. Mwenye nyumba alikuwa na harusi ya binti yake, anataka kazi iishe kwa wiki mbili. Chokaa ingehitaji muda zaidi. Nilijua, na nikanyamaza. Nikapiga lipu ya saruji kutoka chini mpaka juu, laini kama kioo, tukapaka rangi ya mafuta, na watu wa harusini walisifu.

Baada ya masika matatu niliitwa tena. Lipu ilikuwa imevimba kama ngozi yenye malengelenge, na nilipoigonga kwa mpini wa nyundo ilitoka kipande kizima, ukubwa wa sinia. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelainika, unayakwangua kwa ukucha. Chumvi nyeupe ilikuwa imejaa kwenye viungo. Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya kuta zetu kila siku ya Mungu. Chokaa huuachia utoke, ukuta ukapumua. Saruji iliufungia ndani, maji yakakaa, chumvi ikajenga fuwele ndani ya jiwe na kulipasua kidogo kidogo. Na ilikuwa inatokea miguuni mwa tao, mahali palepale pa kubeba msukumo wote. Ningechelewa miaka mingine miwili, tao lingemwangukia mtu kichwani. Nililitengeneza upya bila kudai ujira, na tangu siku hiyo saruji sijaigusa kwenye nyumba ya mawe na chokaa, hata mwenye nyumba akiniahidi malipo mara mbili.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wakapoteza maisha. Sitasema chochote kuhusu sababu, hiyo ni kazi ya waliochunguza. Nasema tu kwamba siku zilizofuata simu yangu haikupumzika. Watu waliokuwa wakiishi na nyufa kwa miaka 20 waliziona kwa mara ya kwanza.

Mmoja wao alikuwa bibi mmoja, mjane, anayeishi na wajukuu wake katika nyumba ya kichochoroni. Tao la ukumbi wake wa chini lina upana wa mita 2 na sentimita 40 lakini kimo chake ni sentimita 45 tu, yaani ni tao lililolala, lenye msukumo mkubwa. Lilikuwa na ufa juu katikati, unaingiza ncha ya kidole. Fundi aliyetangulia aliujaza ufa ule mara mbili, na mara mbili ulifunguka.

"Umejazwa vizuri, Bi Mkubwa," nikamwambia, "lakini ugonjwa hauko hapa."

Niliweka viraka vitatu vyembamba vya lipu kukatisha ufa, upana wa vidole viwili kila kimoja, nikaandika tarehe kwa penseli juu ya kila kiraka. Ukuta ukitembea, kiraka kinakatika, nawe unajua ni wapi na tangu lini. Baada ya wiki sita vyote vitatu vilikuwa vimekatika. Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Upande wa kushoto palikuwa na kiwanja kitupu. Jirani alikuwa ameubomoa ukuta wake wa mawe apate nafasi ya kujenga kwa matofali ya saruji, kisha fedha zikamwishia. Ukuta ule kwa zaidi ya karne ulikuwa umeegemeana na nyumba ya bibi, bega kwa bega, ukilipokea tao msukumo wake. Umeondoka, na miguu inateleza kwenye mchanga.

Tulikaa barazani watu watatu. Jirani, kijana wa miaka kama 40, alianza kwa sauti kali kidogo: "Ukuta ulikuwa wangu, Bi Mkubwa. Nimeubomoa kwenye ardhi yangu."

"Ni wako, mwanangu," bibi akamjibu. "Lakini nyumba yangu imeuegemea tangu hujazaliwa. Marehemu baba yako alikuwa akijua. Kila mwaka alikuwa akiupaka chokaa upande wangu kwanza."

Kijana aliinamisha kichwa. Nikamtuma mjukuu wa bibi aniletee ufito. Nilimwomba yule kijana avue viatu, asimame miguu wazi, nikafanya kama nilivyofanyiwa. Niliposukuma juu ya ufito aliuangalia mguu wake wa kushoto unavyoondoka, akaangalia kile kiwanja chake, na hatukujadiliana tena habari ya ardhi ya nani.

Tulianza kwa kuweka mirunda chini ya tao, ili wajukuu waweze kulala. Kisha tukajenga upya ukuta wa jirani, unene wa sentimita 60, kutoka msingi mpaka juu ya bega la tao. Mawe tuliyatumia yaleyale ya ukuta uliobomolewa, yalikuwa bado yamerundikwa pembeni. Sikubali kununua tumbawe jipya lililong'olewa baharini, kwa sababu mwamba ule ndio nyumba ya samaki wetu na ngao ya fukwe zetu, na magofu ya mji yana mawe ya kutosha kwa anayeyathamini. Jirani alipata ukuta wa nyuma wa jiko lake. Bibi alipata bega lake. Gharama waligawana.

Ukuta ulipokaa miezi mitatu, tuliyatoa mawe yaliyolegea ya sehemu ya juu ya tao, tukayapanga upya juu ya kalibu kwa chokaa iliyokomaa, tukayakaza kwa vijiwe. Nikaacha wiki nne. Asubuhi ya kutoa kalibu tulikuwa watu watano ndani, na hakuna aliyeongea. Kabari ya kulia nusu pigo, kabari ya kushoto nusu pigo. Kulia, kushoto. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha unasikia mchanga mkavu unamiminika juu ya mbao, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo kwa mbali. Ni tao linachukua mzigo wake. Nikaingiza karatasi kati ya mawe na kalibu, ikapita upande hadi upande. Tao lilikuwa limesimama.

Kutokana na miaka hii yote nina maneno matatu kwa wenzangu wenye nyumba za zamani, iwe Unguja, Lamu, Mombasa au Bagamoyo. La kwanza, tengenezeni mifereji ya paa kabla ya kitu kingine chochote, maana maji yakishuka ukutani huanza kula miguu ya tao. La pili, kabla hujabomoa ukuta wowote, hata kama hati iko mkononi mwako, mwite jirani na mwite mwashi, mtazame pamoja ni nini kimeuegemea. La tatu ni kwa wanaogawa kazi na fedha za ukarabati: mpeni fundi wa chokaa muda anaouhitaji, na kila kazi iwe na vijana wawili au watatu wa kujifunza humo humo. Mimi nilijifunza kwa kusimama peku kwenye mchanga mbele ya mtu anayejua. Hakuna namna nyingine ya elimu hii kupita.

Baada ya kazi ile niliweka kiraka kimoja kipya juu ya tao la bibi, palepale ufa ulipokuwa, nikaandika tarehe kwa penseli. Kila Ijumaa nikitoka msikitini napitia. Bibi anajua nimefuata nini, hanikaribishi kwanza, ananiwashia taa ya ukumbi. Masika mawili yamepita. Maandishi yameanza kufifia, lakini kiraka ni kizima.